Barua ya Shukrani kwa Benki Iliyonifungia Akaunti

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Benki Iliyokuwa Yangu,
London.

YAH: SHUKRANI ZA DHATI KWA KUNIFUNGIA AKAUNTI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu ya aya tatu nimeipokea. Aya ya kwanza inasema mmepitia upya uhusiano wetu. Ya pili inasema uhusiano huo umekwisha. Ya tatu inanitakia kila la heri na kunijulisha kwamba uamuzi huu haujadiliwi. Jina la mwandishi halipo, saini haipo. Ipo namba ya simu, na anayeipokea ni kijana mwenye adabu sana ambaye kazi yake ni kunisomea barua ileile kwa sauti.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, utaona mwenyewe mambo yamebadilika. Ninyi mmewazidi wahenga. Mmeniambia toka waziwazi, kwa karatasi nzuri yenye nembo, na mkaificha sababu peke yake. Kwa uwazi huo wa kiwango chake, nawashukuru.

Nimekuwa mteja wenu tangu 2004. Tawi lililonifungulia akaunti siku hizi linauza kahawa, na yule mama wa dirishani aliyejua kwamba kila mwisho wa mwezi natuma hela Tanga mlishampunguza kazini. Katika miaka hiyo mmenitaka nijitambulishe mara nyingi: pasipoti, hati ya mshahara, bili ya umeme isiyozidi miezi mitatu, kisha pasipoti tena. Nimeleta kila kitu. Kanuni yenyewe inaitwa kumjua mteja. Mna nakala za pasipoti zangu zote, mmenishuhudia nikiota mvi picha baada ya picha. Leo mnaniandikia kama mtu aliyeingia dukani kuuliza choo kiko wapi.

Basi mniwie radhi nijitambulishe upya, japo mlango umeshafungwa.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana hapa London. Kazi yenyewe iko hivi. Mtu akifariki, habari inaingia usiku kwenye kundi la WhatsApp. Kabla ya alfajiri hela zimeanza kuingia kwenye akaunti yangu: huyu pauni 20, yule 50, mwanafunzi asiye na kitu anatuma 5 na kuomba radhi. Watumaji ni wengi, wengine siwajui hata kwa sura. Kwenye maelezo ya malipo wote wanaandika neno moja, “msiba”, isipokuwa wale vijana waliozaliwa huku ambao huandika “kwa ajili ya mwili”. Siku chache baadaye fedha zote zinatoka kwa mkupuo. Sehemu inakwenda kwa kampuni ya mazishi. Sehemu inakwenda kwa shirika la ndege, ambalo huchaji jeneza kwa kilo. Inayobaki inakwenda kwa familia Tanga, wapate kulisha watu matangani. Baada ya hapo akaunti inarudi kwenye hali yake ya kawaida, yaani hela ya kodi ya nyumba na nauli.

Sasa, mheshimiwa, nadhani najua kilichotokea, na nasema nadhani kwa sababu mmekataa kuniambia. Programu zinazolinda mabenki dhidi ya utakatishaji fedha zimefundishwa kutafuta viwango vidogovidogo kutoka kwa watu wengi, vinavyoingia kwa pamoja, visivyolala, na vinavyotoka mara moja kwenda ng’ambo. Hivyo ndivyo wahalifu wanavyougawa mzigo usionekane, na hivyo ndivyo sisi tunavyozika. Kwa macho ya mashine yenu, msiba wa Waswahili na biashara ya unga ni mapacha.

Mashine siilaumu, imeajiriwa ishtuke, na imeshtuka. Kilichokosekana ni binadamu mmoja wa kunyanyua simu baada ya mashine kushtuka na kuniuliza, “Bwana, hawa watu wote ni nani, na msiba ni kitu gani?” Ningemjibu kabla chai yake haijapoa, na cheti cha kifo ningemtumia.

Natambua pia kwamba nchi ninakotuma hela ilikuwa na jina baya. Oktoba 2022 kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, FATF, kiliiweka Tanzania kwenye orodha ya kijivu, na haikutoka mpaka Juni 2025. Kenya nayo iliingizwa Februari 2024. Orodha hiyo inazitaka serikali zirekebishe sheria na usimamizi wao. Haisemi popote kwamba dada yangu wa Ngamiani, Tanga, amulikwe tochi kila anapopokea ada ya mtoto. FATF wenyewe, Oktoba 2014, waliyaonya mabenki yasiwatupe nje wateja kwa makundi, bali yampime kila mmoja kwa hali yake. Onyo hilo lilikuja wakati muafaka. Mwaka mmoja tu nyuma yake Barclays ilikuwa imeamua kuachana na kampuni nyingi za kutuma fedha hapa Uingereza, na mojawapo, Dahabshiil, tegemeo la familia za Wasomali na la ndugu zetu wa Barawa, ilibidi ikimbilie Mahakama Kuu kupata zuio.

Kwa nini basi hakuna anayempima mtu mmojammoja? Nimewafanyia hesabu, bure. Mnachochuma kwangu kwa mwaka ni kidogo. Ofisa wa kunichunguza ana mshahara, kiti na bima. Akikaa na faili langu tangu asubuhi hadi adhuhuri, nimeshawatia hasara. Akiniacha, na siku moja ikabainika kwamba kweli nilikuwa muuza unga, mtapigwa faini. Barua ya aya tatu gharama yake ni stempu. Hesabu imekubali. Ninachoomba ni kwamba hesabu iitwe hesabu, isivalishwe joho la usalama.

Maana joho hilo ndilo mnalojifunika kila tunapouliza. Mnanong’ona kwamba sheria inawafunga mdomo. Ni kweli, Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya 2002 inakataza kumtonya mteja kwamba ameripotiwa, na ni katazo la maana; hatutaki jambazi aambiwe akimbie. Lakini katazo hilo liliwekwa kulinda upelelezi. Ninyi mmelitandaza juu ya kila mtu. Anayeshukiwa kwa unga, asiyeleta faida, na mwenye siasa zisizopendeza kwenye bodi yenu, wote wanapata barua ileile yenye kila la heri ileile. Takwimu za mamlaka ya usimamizi wa fedha, FCA, zinaonyesha kwamba akaunti zilizofungwa na mabenki ya Uingereza ziliongezeka kutoka takriban 45,000 mwaka 2016/17 hadi zaidi ya 343,000 mwaka 2021/22. Ama nchi hii imezalisha wahalifu zaidi ya mara saba katika miaka mitano, ama kuna jambo jingine ndani ya hilo joho.

Jambo hilo tulilichungulia mwaka 2023, pale benki ya matajiri ya Coutts ilipomfungia akaunti mwanasiasa Nigel Farage. Siasa za bwana huyo kuhusu wahamiaji kama mimi sizipendi hata chembe, lakini kwa wiki chache nilijikuta upande wake, jambo ambalo mke wangu hajalisahau. Alitumia haki ya kuomba taarifa zake binafsi, akapewa kurasa 40 zinazoonyesha kwamba maoni yake ya kisiasa yalijadiliwa kwenye kamati. Mkuu wa NatWest, kampuni mama ya Coutts, akajiuzulu Julai ileile baada ya kukiri kwamba alizungumza na mwandishi wa BBC kuhusu mteja huyo. Mawaziri walikasirika, magazeti yakachachamaa. Nami nikatumia haki ileile kwenu. Nimepokea karatasi ambazo mistari yake karibu yote imepakwa wino mweusi. Kinachosomeka vizuri ni jina langu, ambalo mmelikosea herufi moja.

Nikaona nisome rekodi za umma, nijue mteja mwenye sifa anakuwaje. Nimejifunza mengi. HSBC mwaka 2012 ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 Marekani, baada ya kubainika kwamba magenge ya dawa za kulevya yalipitisha angalau dola milioni 881 ndani yake. Huko Meksiko wenye mali walifika na masanduku yaliyotengenezwa kwa vipimo kamili vya dirisha la keshia, foleni isikwame. Hakuna kiongozi wa benki aliyefungwa. Mwaka 2014 benki hiyohiyo iliuandikia Msikiti wa Finsbury Park, hapa London, kwamba kuuhudumia kumevuka kiwango cha hatari ambacho benki iko tayari kubeba. Waumini, nadhani, hawakuwa na seremala.

NatWest nayo ilikiri kosa mahakamani mwaka 2021 kuhusu kampuni ya dhahabu ya Bradford iliyoiwekea pauni milioni 264 taslimu. Katika tawi la Walsall noti zililetwa kwenye mifuko myeusi ya taka, mifuko ikapasuka kwa uzito, wafanyakazi wakazihamishia kwenye mifuko imara zaidi. Faini ilikuwa pauni milioni 264.8. Mheshimiwa, michango ya msiba wetu haijawahi kupasua mfuko wowote. Ingewahi, huenda leo ningekuwa na meneja wangu binafsi na kalenda ya ngozi kila Januari.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Nina maombi matatu.

Kwanza, kila barua ya kufunga akaunti iwe na saini ya binadamu aliyesoma faili. Simtaki nyumbani kwangu; nataka tu ajue kwamba jina lake liko chini ya uamuzi.

Pili, pale ambapo sheria haikatazi, tajeni sababu. Mkiandika “huna faida kwetu” nitaumia, lakini kesho yake nitajua pa kwenda. Mkinyamaza, benki inayofuata inaniuliza kwa nini mlinifukuza, na jibu sina. Kwao, asiye na jibu ndiye mwenye hatia.

Tatu, mtusaidie sisi wateja wa siku nyingi. Kanuni mpya za Uingereza zinataka mteja apewe siku 90 na maelezo ya kutosha, lakini kwa mikataba inayoingiwa kuanzia 28 Aprili 2026 tu. Aliyeingia benki tangu siku hiyo analindwa. Aliyeingia 2004 anaonyeshwa mlango kwa taratibu za zamani. Hakuna sheria inayowakataza kutupa na sisi siku hizo 90 kwa hiari yenu. Mnaweza hata kuliita tangazo la uaminifu kwa wateja. Bango lake naona bado lipo kwenye tovuti yenu.

Nawatakia kila la heri. Uamuzi wa kuandika barua hii haujadiliwi.

Mteja wenu wa zamani,
Mweka Hazina (aliyesimamishwa na mashine)

Nakala:
1. Ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya fedha: kwa hatua zenu.
2. Mbunge wa jimbo letu: kwa hasira, kama ile ya 2023, kama imebaki.
3. Wanachama wote: michango itumwe kwa katibu, anayetumia benki nyingine. Kwenye maelezo ya malipo msiandike “kwa ajili ya mwili”.