Brashi ya Elfu Mbili kwa Nyumba ya Milioni Sabini

Umemaliza kujenga. Plasta imekauka, skimu imepigwa, msasa umepita, imebaki rangi tu. Kwenye daftari la matumizi umeandika ndoo za lita 20, rola, msasa, tina, hela ya fundi na soda za vibarua. Brashi hukuiandika. Hongera, umeanza vizuri. Mwongozo huu ni wa kwako, mwenye nyumba, na lengo lake ni kuhakikisha kwamba hakuna brashi nzuri inayoingia kwenye kiwanja chako kwa bahati mbaya.

Nenda Kariakoo saa saba mchana, jua likiwa utosini, gari umeliacha mahali pasiporuhusiwa. Haraka ni muhimu. Ingia duka la kwanza la vifaa vya ujenzi na useme, "Nipe brashi." Usitaje kama ni ya rangi ya maji au ya rangi ya mafuta. Muuzaji akiuliza, "Ya inchi ngapi, bosi?" mjibu, "Yoyote." Hapo hatahangaika tena na zile zilizoning'inizwa ukutani, kila moja na ganda lake la karatasi. Atanyoosha mkono kwenye furushi lililofungwa kwa mpira pembeni ya kaunta, achomoe ya juu, na biashara imekwisha.

Usiikague. Wanaokagua huipanua brashi kwa vidole viwili wakachungulia katikati, jambo ambalo ni kuivunjia heshima. Ndani ya lile bati linaloshika nywele hupachikwa kipande cha mbao au plastiki. Kwenye brashi ya maana kipande hicho ni chembamba, na kazi yake ni kuacha nafasi ya kutunza rangi ili fundi asirudi kwenye kopo kila dakika. Kwenye ya kwako ni kinene, na hicho ndicho kinachoifanya ionekane imeshiba. Nywele zimepangwa mbele na nyuma kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Katikati ni shimo. Umeuziwa kipande cha mbao kilichovaa wigi.

Ncha nazo usizitazame. Nywele za brashi nzuri zimechanika nchani, kila unywele umegawanyika vijinywele viwili vitatu, na vijinywele hivyo ndivyo vinavyobeba rangi na kuilaza ukutani bila kuacha mifereji. Tena hazikukatwa sawasawa. Za katikati zimezidi kidogo, hivyo brashi inaishia kwenye ukingo mwembamba unaoweza kufuata mstari. Za kwako zimekatwa butu, zote urefu mmoja. Ukuta utatoka na michirizi kuanzia darini hadi sakafuni, lakini siku hizi kuna watu wanaomlipa fundi hela ya ziada awawekee mikwaruzo ya makusudi. Mgeni akiuliza, mwambie na wewe ni mmoja wao.

Wala usivute nywele kuona kama zinang'oka. Brashi yoyote mpya huacha nywele moja mbili, ndiyo maana fundi anayejua kazi huipigapiga kiganjani na kuiosha kabla ya kuichovya kwenye rangi. Gundi ya brashi yako ina moyo wa ukarimu zaidi. Itaanza kugawa nywele kwenye mkono wa kwanza, itaendelea kwenye mkono wa pili, na zile zitakazoangukia mlango wa sebuleni zitabaki chini ya rangi ya mafuta mpaka mwanao aoe.

Sasa tuje kwenye nguruwe, somo ambalo miongozo yenye adabu hulikwepa.

Brashi iliyoandikwa kwa Kiingereza kwenye mpini kwamba ni ya nywele halisi, mara nyingi ni ya nywele za nguruwe, na China ndiyo msambazaji mkubwa. Ukweli usemwe: kwa rangi ya mafuta ni nywele bora sana. Ni ngumu, zinanesa na kurudi, na ncha zake huchanika zenyewe tangu zikiwa mgongoni mwa mwenyewe. Kwenye rangi ya maji ndipo zinapoaibika, kwa sababu hunywa maji, huvimba, halafu hulegea, na kabla ya chumba cha pili fundi anapaka kwa kitambaa chenye mpini. Rangi ya maji inataka nyuzi za kiwandani, nailoni au polyesta, hasa mchanganyiko wa zote mbili: nailoni kwa uimara, polyesta kwa kuwa hailegei joto likizidi, na ukuta wa nje unaotazama magharibi mwezi Februari unalijua joto. Kwa hiyo, ili kufuata mwongozo huu kikamilifu, tumia nywele za nguruwe kwa rangi ya maji ya sebuleni, na nailoni ya bei chee kwa rangi ya mafuta ya geti.

Malaysia watu hawana utani na nywele za nguruwe. Mwaka 2017 maofisa wao walipita madukani na kukamata brashi zaidi ya 2,000 zilizoshukiwa kuwa na nywele za nguruwe, kwa kuwa sheria yao inataka bidhaa iliyotokana na nguruwe ijieleze. Sisi wa pwani hatuna papara hizo. Mwezi wa Shaabani tunachangishana ndoo za rangi ili msikiti ung'ae kabla ya Ramadhani, kisha tunamtuma kijana dukani, "Pitia na brashi tatu nne, zozote." Mwenye wasiwasi achome unywele mmoja. Wa mnyama hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayopukutika. Wa nailoni huyeyuka na kuganda kitone. Jaribio zima ni kijiti kimoja cha kiberiti. Lifanyie mbali na tina, isipokuwa kama umeamua kuokoa gharama za rangi zote kwa mkupuo.

(Nailoni yenyewe haikuingia sokoni kwa ajili ya kuta. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoitengeneza, bidhaa ya kwanza ya nyuzi zake kufika madukani, mwaka 1938, ilikuwa mswaki wa meno. Hadi wakati huo Mmarekani alikuwa akisugua kinywa kwa nywele za nguruwe, huku bibi zetu wakisugua meno kwa kijiti cha mti wa mswaki.)

Kama nyumba yako ni ya mawe ya matumbawe, Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, na bado unapaka chokaa, sheria zinabadilika. Chokaa ni kali na inakula nywele za mnyama. Kazi hiyo inataka brashi pana ya nyuzi za mmea, ngumu, isiyo na urembo. Hapa basi ndipo mahali pekee ambapo mwongozo unakuruhusu kutumia pesa: nunua brashi ya nywele halisi, ile ghali kuliko zote dukani, uitumbukize kwenye ndoo ya chokaa na uitazame ikiisha.

Bati ni jambo dogo. Lichague linaloshika kutu, ili mkono wa mwisho wa rangi nyeupe upate madoa ya kahawia bila gharama ya ziada.

Na ukubwa? Inchi nne kwa kila kitu. Fundi atakuomba inchi mbili ya fremu za milango, na nyingine iliyokatwa mshazari ya kuchora ule mstari ambapo ukuta unakutana na dari la jipsamu. Mkatalie. Mwambie apite polepole. Mstari utayumba na grili zitapakwa pamoja na vioo vyake, lakini vioo vinakwanguliwa kwa wembe, na wembe ni bei rahisi kuliko brashi.

Tukifika hapa fundi ataanza kulalamika, na ni vizuri ujue kwa nini hana haki ya kulalamika. Utaratibu wetu unajulikana: mwenye nyumba ananunua vifaa, fundi analeta mikono. Utaratibu mzuri sana, kwani kwa njia hiyo brashi haina mwenyewe. Wewe hununui nzuri kwa kuwa unajua itaondoka kwenye mfuko wa fundi. Fundi haioshi kwa kuwa si yake. Saidia fundi, ambaye hakuulizwa chochote na yeyote, anaichovya mpaka kwenye bati, ilhali ilitakiwa kuingia nusu tu ya nywele, kisha rangi inagandia pale nywele zinapoota na kuzitawanya kila upande. Jioni anaisimamisha kwa nywele zake ndani ya kopo la maji. Asubuhi nywele zimepinda, mpini umevimba na kupasuka, na wewe unapigiwa simu: "Bosi, brashi imekufa." Unatuma elfu mbili nyingine. Wiki ikiisha umezika brashi tano, na hela ya mazishi yote ingekaribia kununua moja ya maana. Hesabu hii usiifanye. Ukiifanya utajikuta unaijumlisha pia rangi iliyodondokea sakafuni na siku mbili za ziada za fundi, halafu usingizi utapotea.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ukuta ukiharibika, fundi rangi atamsingizia fundi plasta, fundi plasta ataisingizia saruji, wewe utaisingizia kampuni ya rangi, na shemeji yako, ambaye ndiye aliyekuletea fundi, ataisingizia hali ya hewa. Brashi itakuwa imeshatupwa nyuma ya choo cha shimo, na marehemu hasemwi vibaya.

Ipo hatari moja ambayo mwongozo huu hauwezi kukukinga nayo: fundi anayekuja na brashi zake. Utamtambua mapema. Zimefungwa kwenye karatasi, kila moja peke yake, nywele zimenyooka, mipini imechakaa pale kidole gumba kinapokaa. Za rangi ya maji hazichanganywi na za rangi ya mafuta. Zile za mafuta anaziosha kwa tapentaini au mafuta ya taa, halafu kwa sabuni, halafu anazining'iniza ncha zikitazama chini, na wewe ukisimama pale unaona dakika ishirini zako zinapotea. Brashi uliyomnunulia ataipokea kwa mikono miwili, atakushukuru, kisha atampa saidia fundi afutie vumbi kwenye kona.

Mtu wa namna hii ni wa kuogopwa. Atauliza ukuta ulipigwa skimu lini. Ataupima unyevu wake kwa kiganja na kusema usubiri wiki moja. Bei yake iko juu, na akiulizwa sababu hashuki, anakunja karatasi yake taratibu kuanza kuondoka. Ukimpa kazi, majirani watakuja kuuliza ni nani aliyepaka, na utalazimika kutoa namba yake ya simu mpaka uchoke.

Mwambie utampigia.