Nyota wa Sinema Akija Redioni: Maelekezo kwa Asiyeijua Butembo wala Beni

Papa Nyota, filamu imekamilika, bango limechapwa, na mtu amekunong'oneza kwamba huku kwetu chini ya Ruwenzori filamu haitembei bila redio. Hakukudanganya. Alichokuficha ni kwamba redio nayo ina biashara yake, na wewe ni bidhaa moja tu juu ya meza.

Kabla hujanuna, mkumbuke mkubwa wako Humphrey Bogart. Mwaka 1951 alikuja pande hizi pamoja na Katharine Hepburn kuigiza The African Queen, mwongozaji akiwa John Huston. Walianzia Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, wakahamia Uganda: Murchison, na Butiaba kwenye Ziwa Albert. Sehemu ya maji ya ziwa hilo huletwa na Semliki, mto unaopita kati ya Beni na mlima wetu, kwa hiyo tunadai bila aibu kwamba theluji ya Ruwenzori nayo iliigiza. Malipo bado tunayangoja. Hepburn alikunywa maji akaugua. Bogart na Huston waling'ang'ania wiski wakabaki wazima, au ndivyo walivyopenda kusimulia.

Huku nyuma, Wamarekani waliendelea kumsikia Bogart redioni na mkewe Lauren Bacall katika mchezo wa Bold Venture, ambao ulirekodiwa mapema. Mwili ulikuwa unapigwa na jua Afrika, sauti ilikuwa kazini nyumbani. Machi 1952 akapata Oscar. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo hadithi ya mashua ile ikaigizwa upya katika kipindi cha Lux Radio Theatre. Bogart alikuwepo. Hepburn, aliyeumwa tumbo kwa ajili ya filamu hiyo, hakuwepo: nafasi yake alipewa Greer Garson. Gharama zilikuwa za sabuni ya Lux. Ukitazama vizuri utaona kwamba nyota alibadilishwa, lakini sabuni haikubadilishwa.

Basi, kwanza saa. Butembo na Beni ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Ukivuka mpaka wa Kasindi kuingia Mpondwe, Uganda nayo iko saa moja mbele yetu. Ukiitwa saa tatu asubuhi, msaidizi wako aliyetoka Kampala bila kurekebisha saa ya simu yake atakufikisha studio mlinzi bado anapiga mswaki. Aliyetoka Kinshasa atakufikisha mtangazaji akiwaaga wasikilizaji. Na usisahau kwamba saa tatu hiyo, kwenye taarifa ya Kifaransa, itasomwa kuwa saa tisa. Uliza mara mbili, kisha muulize tena mlinzi.

Ukialikwa Radio Moto, ujue hiyo ni redio ya jimbo katoliki la Butembo-Beni. Kile kipande cha chumbani ambacho bango lako limekidokeza, kiache hotelini. Ukikianza, kuna wimbo wa kwaya ambao daima uko tayari, na ukirudishwa hewani utajikuta unaulizwa mchango wako katika malezi ya vijana.

Halafu kuna matangazo. Wewe umekaa, umevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha, maikrofoni iko mbele yako, na mtangazaji anasoma: fulani amefariki, ndugu walioko Mutwanga na Oicha wajulishwe, kadi ya mpiga kura imeokotwa sokoni, mwenyewe aifuate, mbuzi mweupe mwenye kamba shingoni amepotea. Usikunje uso. Hayo ndiyo watu waliyowashia redio. Filamu yako itasomwa baada ya mbuzi, na kwa maoni yangu mahali hapo ni pazuri, maana mwenye mbuzi bado anasikiliza.

Simu zikifunguliwa, usitegemee maswali kuhusu sanaa. "Jambo sana Papa. Namsalimu mume wangu aliye Lubero, na watoto, na mama mkwe. Filamu? Filamu tutaona." Salio limekwisha, simu imekatika. Ukitaka kugawa zawadi, chunga majina. Wanande, wenyeji wa huku, huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na msichana wa kwanza ni Masika. Tangaza kwamba Kambale wa Butembo ameshinda fulana, uone nani atabaki nyumbani. Watakuja na vitambulisho, na wote watakuwa na haki.

Kuna moja silitanii. Kama filamu yako ni ya bunduki, usiruhusu milio yake irushwe Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wa huko wameuawa mashambani na mitaani, na tangu Mei 2021 mkoa wetu umekuwa chini ya utawala wa kijeshi. Mama anayesikia risasi kupitia ukuta wa mbao wa jirani hatangojea jina la mwigizaji; atabeba mtoto na kukimbia. Mtayarishaji mwenye akili atakuomba ukate kipande hicho. Asipokuomba, kikate mwenyewe, uweke gitaa.

Ukitoka studio utasikia watu wakiita kwa shangwe. Usiinue mkono. Wanamwita mtangazaji: sauti yake wanaamka nayo kila siku, yako wameisikia leo kati ya mbuzi na kwaya. Simama nyuma yake kidogo, tabasamu, piga naye picha kama wengine.

Na pale nje ya lango, chini ya mwavuli, utamkuta kijana mwenye kompyuta na nyaya anayewawekea watu filamu kwenye simu. Yako anayo. Ulipokuwa hewani ukisema "inakuja hivi karibuni", alikuwa anaiingiza kwenye kadi ya mteja wa nne. Usimfokee, yeye ndiye msambazaji pekee uliyepata Butembo. Atakuangalia, ataangalia bango, ataanza kukutambua. Kisha atakuuliza kama unataka na sehemu ya pili, ile ambayo hujaanza kuipiga.