Shingo Bila Tai Haili Mezani

Mama, Baba Mdogo, Shangazi na wote mliopo hapo nyumbani Tunduma,

 

Jioni moja humu melini nilipenyezewa karatasi chini ya mlango. Inasema kwamba kuanzia saa kumi na mbili, mwanamume asiye na tai shingoni asionekane kwenye ukumbi mkubwa wa chakula, wala kwenye dansi, wala kwenye ngazi kuu. Ngazi, Mama! Kuna ngazi humu nisiyoruhusiwa kuishuka nikiwa na fulana. Na wameandika kwa adabu nyingi, wakamalizia kwa kunitakia jioni njema, kwa hiyo hata pa kuanzia kununa sipaoni.

Kabla Baba Mdogo hajatangaza mtaani kwamba kijana ametajirika, niseme nimefikaje baharini. Yule mzee ninayemtunza kule Southampton ameamua kwenda kuiona milima ya Norwe kabla hajafa. Ni maneno yake, si yangu. Na kwa kuwa kiti chake cha magurudumu hakijisukumi chenyewe, akanilipia tiketi. Niko kazini, basi msitume orodha ya mahitaji.

Mzee alinionya mapema kwamba safari hii ya wiki moja haikosi usiku wa mavazi rasmi, akanipeleka duka la hisani nitafute tuksedo. Mama, laiti ungekuwepo! Duka la hisani ndiko Waingereza wanakopeleka nguo walizozichoka, na nyingi zinazokosa mnunuzi hufungwa kwenye belo na kuanza safari ya kuja kwa wauza mitumba kama wewe. Nilisimama pale mitumba inapozaliwa. Nikafanya ulivyonifundisha tukifungua belo: nikageuza kwapa, nikanusa, nikavuta mshono, nikapekua mifuko. Nikakuta kijiti cha meno. Koti lilikuwa gredi ya kwanza, kola ya satini. Nikaomba punguzo. Mzee akaninong'oneza kwamba fedha za duka hili zinakwenda kwa wagonjwa wa saratani. Nikaomba punguzo dogo.

Koti la namna hiyo mnalijua. Kule Kamsamba analivaa mchunga ng'ombe alfajiri juu ya kaptula, na ndama amelilamba begani. Kule ni koti la baridi. Huku bila hilo hupewi supu.

Sasa shati. Naombeni nafasi nilizungumzie shati. Shati hili la tuksedo halina vifungo. Nilianza kuvitafuta sakafuni nikidhani vimedondoka. Lina matundu upande wa kushoto, matundu upande wa kulia, na katikati ni kifua chako. Vifungo vinauzwa mbali, ndani ya kijisanduku, vyeusi, vidogo, na unavipenyeza matunduni kwa kidole ambacho Mwenyezi Mungu hakukigawa kwa watu wa Songwe. Mikono ya shati nayo ni mirefu kupita haki. Unaikunja irudi nyuma, kisha unaibana kwa vishikizo vingine. Cha mkono wa kulia unakifunga kwa mkono wa kushoto, ambao kwa wakati huo umeshafungwa. Halafu unakuja mshipi mpana wa hariri wa kuzungushia tumbo, wenye mikunjo, na mikunjo sharti itazame juu. Mzee anasema ni ya kudakia makombo. Waingereza waliuokota India enzi za ukoloni, na huko mshipi ulikuwa na kazi ya kufunga nguo. Huku haufungi kitu, maana suruali imeshikwa mabegani kwa mikanda yake. Ni mshipi mstaafu.

Ikabaki tai ya kipepeo. Mwanamume kamili anaifunga mwenyewe mbele ya kioo, na kioo kinamgeuzia kushoto kuwa kulia. Mwishowe nilipiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu, na yule mzee ambaye kila asubuhi ninamfunga kamba za viatu akanifunga tai kwa vidole vinavyotetemeka, kwa sekunde chache tu. Akanipigapiga kifuani akasema niko tayari. Nikajifanya nimeingiwa na kitu jichoni.

Tukashuka ile ngazi yao, yaani tulipita kwa lifti ila tuliitazama. Chini wanaume wote ni weusi kwa weupe, wamependeza vibaya sana. Tatizo ni kwamba wahudumu nao wamevaa tai ya kipepeo. Wahudumu wengi ni Wafilipino na Wahindi. Abiria wengi ni wazee wa Kiingereza. Halafu katikati ya ukumbi nipo mimi. Mama mmoja mwenye lulu shingoni akanigusa kiwiko, akaniagiza divai nyeupe, iliyopoa. Nikamletea. Baba Mdogo, usipandishe hasira; kwetu mgeni akiomba maji unampa, huanzi kumuuliza kakuonaje. Mezani kwao kulikuwa na mtu mwingine aliyetaka ya nyekundu, nikaona nisibague. Mzee aliposimuliwa alicheka mpaka nikaitafuta dawa yake ya pumu.

Usiku rasmi wa pili nikakataa kuwa mhudumu. Niliisoma ile karatasi yao kwa makini, kama wakala wa forodha anavyosoma tarifa, nikakuta mstari mmoja mtamu: vazi rasmi la taifa la abiria linakubalika. Ndiyo maana Mskoti mmoja aliingia na sketi, magoti nje, na wote wakamwamkia. Nikarudi chumbani nikatoa suti ya Kaunda, ile ya kijivu, ya mikono mifupi na mifuko minne, ambayo Mama ulinilazimisha kuibeba nilipoondoka na mimi nikanung'unika.

Mlangoni kijana mwenye glovu akaniangalia shingo. Nikamwambia hili ndilo vazi la taifa la Tanzania. Ninyi mnajua, na mimi najua, kwamba Serikali imelitafuta vazi la taifa kwa kamati na michoro, na hadi sasa kila mtu bado anavaa lake. Lakini kamati haikuwepo pale mlangoni. Tena suti yenyewe inabeba jina la aliyekuwa rais wa Zambia, mtu wa Chinsali, mkoa mmoja na Nakonde, na sisi watu wa Tunduma tukivuka boda kwenda kununua sukari hatujioni kama tumekwenda nchi ya watu. Nikamweleza kijana kwamba mwenye jina hili alitawala miaka 27. Akainamisha kichwa, akanifungulia mlango.

Sikumwambia yote. Novemba 2023 Spika Wetang'ula aliipiga marufuku suti hiyohiyo ndani ya Bunge la Kenya, wakati Rais wao Ruto anaivaa. Na nani wa Songwe amesahau Juni 2021, Mheshimiwa Condester, mbunge wa Momba, alipoamriwa na Spika Ndugai atoke bungeni akabadilishe suruali? Nimewaangalia akina mama wa humu: suruali inaruhusiwa, na ile ya mheshimiwa ingepokelewa mlangoni kwa glasi ya shampeni. Suti iliyofukuzwa Nairobi inakula kamba mkubwa Norwe, na mimi ndani yake.

Asiyetaka haya anaruhusiwa kupanda kwenye bafe, juu kabisa. Nilichungulia. Kuna watu wa jinzi, wanakula chipsi, wanacheka kwa sauti. Ajabu, nyama ni ileile ya ukumbini.

Jambo linalonisumbua usiku ni hili. Wanaume humu wanavaa namna moja, lakini wanawake wanaogopa kufanana kuliko dhoruba. Juzi akina mama wawili walikutana kwenye lifti, gauni moja, kijani kilekile. Hawakusalimiana. Mmoja akarudi chumbani, na hakuonekana tena hadi asubuhi kwenye mayai. Shangazi, hebu fikiria hao wangekuwa kwenye send-off kwetu! Wangekumbatiana, wangepiga picha, na wageni wangesema hao ni mama wakubwa wa bibi harusi, wapelekwe meza ya mbele. Kwetu sare inasema huyu ni wa kwetu. Humu tai inasema yule wa juu si wa huku. Ila nisijifanye mtakatifu: nakumbuka jirani yetu aliyekosa hela ya kitenge akakaa nyuma na gauni lake zuri, na sisi tuliokuwa na sare tukapitishiwa soda mara mbili. Nilikunywa zote mbili.

Mjomba wa Kasanga mwambieni hii meli imeundwa Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer, hao hao walioiunda meli yetu ya ziwani, Liemba, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma ikiwa vipandevipande ndani ya masanduku. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 ikahudumia ziwa hadi sisi wajukuu tukaipanda. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Lakini Liemba haikuwahi kumuuliza mtu kavaa nini. Iliuliza kama magunia ya dagaa yamelipiwa. Nilikula samaki wa humu, mweupe, amemwagiwa mchuzi wa siagi, nikawaza dagaa wale na ugali, na mkono bila uma. Nikaomba pilipili. Wakaniletea iliyosagwa, kwenye kichupa, ya rangi tu.

Nimeona kwenye grupu la familia kwamba sare ya send-off ya mdogo wangu ni kitenge cha kijani, na kwamba Shangazi ndiye mwenyekiti wa kamati. Mchango nimetuma, msomeni vizuri mtunza hazina. Naomba mambo mawili. Msiniandikie kadi ya double, maana nitaulizwa mwenzangu yuko wapi na mimi mwenyewe sipo. Na kitenge mkivuka Nakonde kukinunua, kateni na changu. Fundi aongeze inchi mbili kiunoni, ajue nimeishi melini. Kikishashonwa, Mama, usikiweke kwenye sanduku pamoja na sare zile nyingine ambazo nimelipia na sijawahi kuzivaa. Mtafuteni kijana mwenye mwili wangu akivae, asimame kwenye picha ya ukoo pale ninaposimama siku zote, kati ya Baba Mdogo na Shangazi. Mtu akimuuliza yeye ni nani, ajibu kwamba ni mimi. Na soda ya pili aikatae.

Mwana wenu aliye majini.