Taa Nne za Buluu

Usiku nilipowasha taa za boti yangu kwa mara ya kwanza, nilipata wageni. Mashua mbili za wavuvi wa dagaa zilinijia polepole, mashine zimepunguzwa, zikanizunguka huku na huku. Bwana mmoja aliyesimama omo akauliza kwa sauti ya mtu wa sokoni, "Kaka, hizo taa zako unakodisha kwa usiku au kwa ndoo?"

Nilikuwa nje kidogo ya Kunduchi, mwezi giza, bahari imelala. Maji chini ya tezi yaligeuka buluu kama bwawa la kuogelea la hoteli, na ndani ya buluu ile dagaa walizunguka kwa mamia. Mtu wa bahari asingeshangaa. Wavuvi wa pwani yetu wanavua dagaa kwa taa tangu enzi za karabai, na mwezi ukiondoka ndipo wao wanapoingia kazini. Vijidudu vya majini hufuata mwanga, dagaa hufuata vijidudu, ngisi hufuata dagaa, na nyavu hufuata wote. Mimi peke yangu ndiye niliyedhani nimenunua pambo.

Ngoja nianzie mwanzo. Boti yenyewe ni ya faiba, futi 18, mashine ya farasi 40, mtumba wa mtumba. Ubavuni imeandikwa Subira. Jina hilo sikulichagua, nililikuta, na kulifuta kulihitaji rangi ambayo sikuwa na fedha ya kuinunua. Jumapili hutupeleka kisiwani Mbudya mimi, mke wangu na watoto: tunaogelea, tunakula samaki wa kukaanga na chipsi, tunarudi jua likiwa bado lipo.

Jumapili moja samaki walichelewa. Na jua la kwetu halina kuaga. Likishagusa miti, umebaki muda wa kufunga viatu tu. Tulirudi gizani, boti haina hata kibatari, tukaipita ngalawa moja kwa ukaribu ambao mke wangu angeweza kumwamkia mwenye nayo. Mwenye ngalawa alituwahi yeye, ila si kwa maamkizi. Alimtaja mama yangu, tena kwa kirefu.

Mke wangu hakutamka neno mpaka tulipokanyaga mchanga. "Baba watoto," akasema, "mimi na wanao hatupandi tena hicho chombo mpaka kiwe na taa."

Kesho yake nilikuwa Kariakoo. Kariakoo ukiuliza taa ya boti unaletewa taa. Nililetewa za bajaji, za bodaboda, za lori, za sebuleni, na aina moja inayobadilika rangi kwa kufuata muziki. Kila nilipouliza kama inahimili maji ya chumvi, kijana wa dukani alijibu, "Bosi, hii hata ukiichemsha." Nilichukua taa moja ndefu ya LED, ile wanayofunga malori ya mchanga juu ya kioo. Nikachukua nyekundu moja na kijani moja za ubavuni, na nyeupe moja ya kuonekana pande zote. Nilikuwa nimeshalipa, mguu mmoja uko nje, kijana alipotumbukiza kitu kwenye ndoo ya maji na kukiwasha.

Mwanamume mwenye boti akiona ndoo ya maji inawaka buluu, ada ya shule humtoka kichwani. Nikachukua nne.

Sitaki mdhani sikusoma. Zipo sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zilizoandikwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977, na ukurasa wa taa niliuchapisha nikautembeza mfukoni wiki nzima. Nyekundu hukaa kushoto, kijani kulia. Kila moja huangaza nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa mpaka nyuma kidogo ya ubavu, ili mtu asione zote mbili isipokuwa chombo kinamjia usoni. Chombo kisichofika mita 12 kinaruhusiwa taa moja nyeupe ya pande zote, nayo iwe juu ya zile za rangi kwa mita 1 au zaidi. Za rangi zionekane umbali wa maili 1 ya bahari, yaani mita 1,852, na nyeupe maili 2. Buluu ya chini ya maji haikutajwa popote. Nikaona kisichotajwa hakijakatazwa.

Mke wangu naye aliusoma ukurasa ule, na kama kawaida yake akaona lile nililoliruka. Chombo kisichofika mita 7, ambacho mwendo wake wa juu kabisa hauzidi noti 7, kinaweza kuwasha nyeupe moja tu, na hizo za rangi ikiwezekana.

"Kwa hiyo ungenunua mashine ndogo," alisema, "tungenunua taa moja."

Nilimweleza kwamba farasi 40 hawajui kutembea noti 7. Akauliza noti za mwendo au za mfukoni, maana za mfukoni ziliondoka mbio kuliko hizo.

Fundi nilimpata mtaani kwetu. Ni fundi umeme wa magari, kijana hodari kweli. Bodaboda alizozipamba zikipita usiku utadhani harusi imepotea njia. Hakuwahi kushika boti, lakini alisema umeme ni umeme, volti 12 ni volti 12, nami nikaona ana hoja. Alikuja na kekee, mrija wa silikoni ya bafuni, na bunda la waya wa spika.

Boti ilikuwa imevutwa mchangani, omo inatazama nchi kavu. Fundi akasimama mbele yake uso kwa uso, kama kinyozi na mteja, akauliza, "Bosi, nyekundu wapi?" Mimi nimekaa kwenye dumu la mafuta, ukurasa wa sheria mkononi. "Kushoto," nikajibu bila kuinua macho. Jibu lilikuwa sahihi. Kushoto kwa nani, hatukuulizana.

Ile nyeupe aliifunga nyuma ya kiti changu, kimo cha shingo, kwa sababu waya uliishia hapo. Halafu akalala chali chini ya tezi na kutoboa matundu manne. Ukisikia kekee inaingia kwenye boti yako chini ya mstari wa maji, tumbo linakueleza jambo. Mimi niliamua kutosikiliza.

Jioni tukaishusha majini, nikaondoka peke yangu kuijaribu, nikielekea kusini upande wa Msasani. Niliwasha ile ndefu ya lori kwanza. Niliona vizuri ajabu: niliona nanga yangu, kamba yangu, reli ya chuma na kila mkwaruzo kwenye faiba nyeupe. Bahari ndiyo iliyotoweka. Mwanga wote uligonga omo na kunirudia machoni, na nilipoizima nilikaa kipofu dakika kadhaa. Nikabaki na za rangi na nyeupe, nikijiona nimekuwa meli.

Mashua ya tanga ilitokea upande wa bahari kuu. Iligeuza kwa adabu inipishe, na katika kunipisha ikaja moja kwa moja mbele yangu. Nilipunguza, ikageuza tena, nami nikageuza kuifuata. Tulisimama tukitazamana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba. Nahodha alikuwa mzee wa Kunduchi ninayemfahamu.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Msasani."

"Mbona boti yako inasema Bagamoyo?"

Alinielekeza kwa mkono, bila haraka, huku tanga lake likipigapiga. Yeye yuko upande wa bahari. Anayeteremka kusini lazima amwonyeshe ubavu wa kushoto, nyekundu. Kaona kijani, akajua napanda kaskazini, akaamua apite nyuma yangu. Nyuma yangu kumbe ndiyo mbele yangu. Na ile nyeupe, akaongeza, aliiona pembeni mwa kichwa changu tu, nikang'aa kama mtakatifu kwenye dirisha la kanisa.

Mtu mwenye akili angerudi hapo hapo. Lakini swichi ya nne ilikuwa bado haijabonyezwa. Nikasubiri mzee apotee, nikarudi karibu na Kunduchi nikiwa nimezima za rangi ili nisimdanganye mwingine (nalo ni kosa, najua), nikasimamisha mashine, nikabonyeza. Wageni walikuja baada ya hapo.

Tulikuwa katikati ya mazungumzo ya bei, maana aibu yangu ilikuwa imeshaanza kuwa tamaa, buluu ilipozimika ghafla. Fundi alikuwa ameziunganisha na pampu ya maji kwenye fyuzi moja, ikaungua. Hapo ndipo niliposikia miguu yangu imelowa. Silikoni ya bafuni ilikuwa imebanduka, matundu yanaingiza, na pampu imelala. Wahenga walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama yangu siku hiyo ilinifika kwenye kifundo cha mguu.

Yule bwana wa omo akanirushia ndoo. Ilikuwa ya dagaa, na ilikuwa imeshafanya kazi usiku huo. Walinivuta mpaka ufukweni huku nachota, na wakanitoza kwa ndoo, si kwa usiku.

Subira sasa imekaa sawa. Matundu aliyaziba fundi wa boti kwa faiba na gundi yake, nyaya ni za shaba iliyopakwa bati, zisizooza upesi kwa chumvi, kila taa ina fyuzi yake, na pampu ina ya kwake peke yake. Nyekundu iko kushoto ukikaa ndani unatazama omo. Nyeupe iko juu ya bomba la alumini, mita moja na ushei juu ya wenzake, na tukiwa Mbudya mchana mke wangu huanikia kanga hapo. Taa ndefu ilirudi kwenye lori, inakostahili.

Zile nne za buluu ninazo bado, zimefungwa kwenye gazeti juu ya kabati. Zinawaka zote, nimezijaribu kwenye ndoo. Mvuvi wa dagaa au mwenye bodaboda anayezihitaji anione, bei maelewano. Matundu ya kuzifungia atoboe kwake.