Siku Tatu Aldabra: Mwongozo kwa Mwenye Haraka

Kwanza omba ruhusa kazini. Bosi akisikia unakwenda Aldabra kwa siku tatu atakubali bila kinyongo, maana hajui Aldabra iko wapi. Usimwonyeshe ramani.

Akishikilia kuiona, weka kidole Kilwa, kisha kiburute kuelekea mashariki. Komoro itapita kule kusini, nawe endelea tu na maji, kilomita mia saba na ushei, hadi ukute nukta. Nukta hiyo ni duara la visiwa vinne vya matumbawe lililozunguka wangwa mkubwa, urefu wake kama kilomita 34, nchi kavu yake kilomita za mraba 155. Ni mali ya Shelisheli, na Mahé, kisiwa chenye mji mkuu, kiko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapo. Maana yake Aldabra iko karibu zaidi na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kuliko na serikali inayoimiliki.

Mtu mwenye akili timamu ataona basi njia ni kutokea huku kwetu. Mtu wa aina hiyo abaki nyumbani. Msafiri wa kweli atapanda ndege hadi Nairobi au Addis Ababa, avuke bahari mpaka Mahé, kisha akodi ndege ndogo imrudishe kusini-magharibi, huko huko alikotoka, mpaka Assumption. Hiki ni kisiwa jirani chenye kiwanja kidogo cha ndege, na kutoka hapo kuna kilomita kama 27 za boti. Njia nyingine ni kujiunga na meli ya watalii, ukae wiki nzima na wazee wastaafu wenye darubini shingoni wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kutazama ndege. Gharama sitaitaja, wasomaji wengine wana presha.

Habari njema ni kwamba Shelisheli haidai viza kwa raia wa nchi yoyote. Wanataka tu ujaze fomu yao ya mtandaoni kabla ya kuondoka. Hapo ndipo urahisi unapoishia, kwa hiyo ufurahie polepole.

Wapo wajanja watakaoona bora waende Kilwa Masoko wakatafute chombo. Wajaribu, ila kwa adabu:

— Shikamoo, nahodha.

— Marahaba, mwanangu. Unaelekea wapi?

— Aldabra.

— Kuna nini huko?

— Kobe.

— Kobe. Mwanangu, umekula tangu asubuhi?

Hata hivyo nahodha asikuvunje moyo, maana safari ya moja kwa moja imewahi kufanyika, ila kwa upande wa pili. Desemba 2004 kobe jike mkubwa alitoka majini akapanda ufukweni Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, akitembea kwa miguu yake. Alikuwa amekonda vibaya, na miguuni alikuwa ameota vile vidudu vya magamba vinavyoganda kwenye kitako cha chombo kilichokaa sana majini. Wataalamu walitazama ukubwa wa vidudu hivyo wakaona kuwa ameelea wiki kadhaa, na kwamba huenda ametokea Aldabra, kilomita kama 740. Hakuwa na kibali wala kadi ya chanjo, na mzigo wake wote ulikuwa mgongoni. Hadi leo sijaona mwongozo wa safari unaompa heshima anayostahili.

Wewe kibali utakihitaji. Aldabra inasimamiwa na Seychelles Islands Foundation, taasisi iliyoundwa mwaka 1979, na tangu 1982 kisiwa kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Andika barua ya heshima ueleze unakwenda kufanya nini. “Kubadilisha hewa” si sababu, na “kupiga picha za harusi” ndiyo kabisa. Ukikubaliwa, utatembea na mwenyeji wako wa taasisi sehemu alizokuruhusu, na usiku utarudi kulala chomboni. Hoteli hakuna, wala mgahawa, wala kibanda cha chipsi mayai. Kuna kituo cha utafiti kwenye kisiwa cha Picard, chenye watu wachache wanaokunywa maji ya mvua. Usiwaombe waifai.

Kabla ya kushuka utakaguliwa. Hawatafuti bangi, wanatafuta mbegu. Watapekua soksi zako, watageuza mifuko ya begi, watachokoa velkro ya viatu kama mama anayemtafuta mwanawe chawa. Utaona wanazidisha. Wana sababu: zamani mabaharia walishusha mbuzi pale wapate nyama wakipita tena, mbuzi wakajiona wamefika kwao, wakakaa zaidi ya karne moja wakila majani na vichaka ambavyo kobe walivihitaji kwa chakula na kivuli. Wa mwisho waliondolewa mwaka 2012. Na wao walikuja kwa muda mfupi tu.

Hiyo ndiyo tabia ya mahali penyewe. Mfano mkubwa ni yule ndege mwenye koo jeupe, kimo cha kuku mwembamba, anayekimbia vichakani na asiyeweza kuruka. Babu zake waliruka kutoka Madagaska, wakatua, wakakuta hakuna mnyama wa kuwawinda, wakaona mabawa ya nini. Baada ya vizazi vingi yakawa ya mapambo. Kisha, kama miaka 136,000 iliyopita, bahari ikapanda ikakifunika kisiwa chote, na kwa kuwa hawakuweza kuruka, wakaisha. Bahari iliposhuka, ndege wengine wa ukoo ule ule wakaja tena kutoka Madagaska, wakatua, wakatazama huku na huku, wakaacha kuruka tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha mifupa ya kabla na baada ya gharika, na hadithi ndiyo hiyo. Ukiona siku ya pili umeanza kupanga kuongeza ya nne, kumbuka ukoo huu.

Kuhusu majira, usiende wakati wa kusi. Meli nyingi huenda kati ya Novemba na Aprili, bahari ikiwa imetulia, na wanaojua husifu zaidi Machi na Aprili. Ukifika, sahau saa yako ya mkononi. Aldabra inaendeshwa na maji kupwa na maji kujaa. Wangwa wote huo hujazwa na kumwagwa kupitia mikondo michache tu iliyopasua ukuta wa mwamba, na bamvua maji hupanda zaidi ya mita tatu. Yakitoka, hutoka kwa kishindo kama mto wa masika, na aliyekawia ndani hubaki amekaa juu ya boti lake kwenye matope akisubiri yarudi. Mwenye miadi saa tisa aiahirishe.

Viatu ni suala zito. Sehemu kubwa ya ardhi ni mwamba wa matumbawe uliochongoka wenye makali ya kukata soli, kwa hiyo kandambili acha nyumbani. Isitoshe, kandambili zimeshatangulia. Mwaka 2019 watu wa kujitolea kutoka Shelisheli na Oxford walikaa wiki tano wakizoa taka kwenye fukwe ambazo karibu hakuna binadamu anayezikanyaga, wakaondoa tani 25. Zilikuwa nyavu na kamba za wavuvi kwa wingi, na kandambili kwa maelfu, za kila rangi, za kushoto na za kulia zisizofahamiana. Kwa hiyo ukisema hakuna mtu wa kwenu aliyewahi kufika Aldabra, mtazame vizuri yule aliyepoteza ndala pwani mwaka juzi.

Sasa kobe wenyewe. Wapo kama laki moja, na dume mkubwa hufika kilo 250. Mchana jua likichachamaa hujazana chini ya vichaka, maana anayekawia juani huweza kufa kwa joto. Hakuna foleni wala tiketi ya kuwaona, na hakuna anayekuambia wa kwanza ni yupi. Ukikaa kitako atakuja mmoja polepole akunuse mkoba. Usimpande. Jacques Cousteau na watu wake walipofika Assumption miaka ya 1950 waliwapanda kobe mbele ya kamera, filamu ikapata tuzo Cannes mwaka 1956, na watazamaji wa leo wanaitazama wameshika kichwa.

Najua unachowaza: kwa nini wasijenge uwanja wa ndege wa maana tukaenda kwa saa moja na nusu? Walitaka. Miaka ya 1960 Uingereza, iliyokuwa imekitenga kisiwa mwaka 1965 pamoja na Chagos kuwa koloni jipya, ilipanga kujenga hapo kituo cha ndege za kivita, pamoja na bandari ya kukihudumia. Wanasayansi wa Royal Society walipiga kelele, na bungeni mbunge Tam Dalyell akawa haachi kuuliza maswali. Kwa haki yote, kobe hawakuokolewa na kelele hizo peke yake. Novemba 1967 pauni ya Uingereza iliporomoshwa thamani, hazina ikawa tupu, na mradi ukatupwa wiki ile ile. Mwaka 1976 Shelisheli ilipopata uhuru ikarudishiwa kisiwa chake kikiwa bila njia ya kurukia hata moja. Mjerumani mwenye darubini anakitembelea leo kwa sababu Mwingereza aliishiwa. Kisha mradi wa hoteli ya kifahari uliletwa Assumption, pale pale kwenye kiwanja cha ndege ndogo, na Shelisheli wamegombana kweli kweli juu yake. Wenye haraka hawakosi njia.

Ukishapiga hesabu ukaona mambo hayalingani, kuna mpango wa pili. Nenda Unguja, shuka ufukweni karibu na Forodhani, patana bei ya boti, na baada ya kama nusu saa utakuwa Changuu. Kobe wa pale ni wa ukoo wa Aldabra: wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni, jambo ambalo si kila mwenyeji wa Zanzibar angekubali kufanyiwa. Utapewa majani umlishe mmoja wao. Shika shina kwa mbali, vidole vikae nyuma, kwa sababu huenda ana miaka zaidi ya mia na hatofautishi sana mchicha na mgeni.