Safu ya Ushauri: Chaji ya Nani?

Chaji, kabla ya kuwa ya simu, ilikuwa mzigo wa gari. Kilatini kilikuwa na kitenzi carricare, yaani kupakia gari. Wafaransa wakakirithi, Waingereza wakakichukua kwao, na tangu hapo betri hubebeshwa umeme, mteja deni, mshtakiwa kosa, mkubwa wa kazi dhamana. Kiswahili cha Dar es Salaam kimeipokea mizigo yote minne kwa neno moja, na barua kutoka Segerea zimejaa majeruhi wake.

Binti mmoja analalamika kwamba simu ya mchumba wake huishiwa chaji kila siku ikifika saa tatu usiku. Betri ya simu huchoka kwa umri na kwa joto, na joto la mji huu halina huruma, lakini haijui kusoma saa. Mchumba huyo hakosi chaja. Ana nyumba nyingine ya kuchajia.

Mpangaji anauliza kwa nini mwenye nyumba bado anamdai "savisi chaji ya LUKU". Kwa wateja wa majumbani, hiyo ilifutwa mwaka 2016. Kinachokatwa kwenye manunuzi ya umeme wa LUKU tangu Agosti 2021 ni kodi ya jengo, iliyoanza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na anayedaiwa ni mwenye jengo hata kama umeme unanunuliwa na mpangaji. Mpangaji atunze ujumbe wa kila manunuzi, kisha siku ya kulipa kodi ya chumba apige hesabu mbele ya baba mwenye nyumba, kwa heshima.

Mzito kuliko yote ni mkasa wa mama aliyepigiwa simu kwamba kijana wake "kasomewa chaji mbili". Mama wa watu akafunga chaja na betri ya akiba kwenye kanga, akaenda gerezani Segerea, akarudishwa getini. Chaji za mahakamani ni mashtaka, na karatasi yake huitwa hati ya mashtaka. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama nchini. Wanaoendelea kusema chaji wanafanya hivyo kwa mazoea tu. Mama ajue pia kwamba mahabusu ni mtu anayesubiri kesi, hajatiwa hatiani, ingawa mjini ukisema "yuko Segerea" watu hushika vichwa, na wakazi halali wa mtaa hulazimika kuongeza: "Siyo ndani, nimepanga."

Anayeringiwa na jirani aliye "inchaji" aulize ni inchaji wa nini. Wa zahanati ni mganga mfawidhi, heshima yake apewe. Wa genge la karata hahitaji kuamkiwa mara mbili.

Barua za wiki ijayo zitaje mapema: chaji ya betri, ya pesa, ya mahakama au ya wodi.