Miami na Kiingereza Chake

Katiba ya Florida inatamka tangu 1988 kwamba lugha rasmi ya jimbo ni Kiingereza. Ichukue basi uende nayo Hialeah, kando ya Miami, ukaombe kazi ya kuuza viatu. Meneja ataipokea kwa heshima zote, kisha akuanzie usaili kwa Kihispania.

Mwaka 1980, Wakuba wapatao 125,000 walipokuwa wameshashuka Florida kutoka bandari ya Mariel huko Kuba, wapiga kura wa kaunti ya Dade, ilimo Miami, walipitisha sheria ya kuizuia kaunti kutumia fedha zake kwa lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Ilidumu hadi 1993. Kihispania hakikupata habari. Kilikuwa kazini, kinafungua maduka na benki.

Leo tangazo la kazi linasema lugha ya pili "itakuwa nyongeza nzuri". Hiyo ni adabu ya karatasi tu. Hata kijana wa Kikuba aliyezaliwa hapohapo hutoka jasho kwenye usaili: Kihispania chake alikipata jikoni kwa bibi, na bibi hakuwahi kumfundisha masharti ya bima. Naye Mhaiti, mwenye Krioli, Kifaransa na Kiingereza juu, anashauriwa ajitahidi kidogo kujifunza lugha.